Kampuni Ikimtegemea Mtu Mmoja: Niliyoyaona Kiwandani Petu

Kampuni niliyoifanyia kazi kwa miaka mingi hapa Marekani ilifungwa baada ya mwanzilishi wake kuugua na kushindwa kurudi kazini. Sitaitaja jina, kwa kuwa familia yake ipo na baadhi ya wenzangu bado wanaishi katika mji uleule mdogo wa Ohio, lakini kazi yenyewe nitaieleza kwa kadiri niwezavyo, maana naamini kwamba yaliyotupata yanawahusu mafundi na wenye biashara ndogo wengi wanaosoma Kiswahili, wawe wanaunda vikuza sauti, makabati au mashine za kusaga. Hatukuzidi watu kumi. Tuliunda vyombo vya sauti vya hali ya juu kwa ajili ya watu wachache wanaokaa jioni kusikiliza muziki bila kufanya jambo lingine, na hasa tulijulikana kwa kikuza sauti cha santuri, yaani kile kisanduku kinachopokea mawimbi hafifu mno kutoka kwenye sindano ya gramafoni na kuyapa nguvu ya kutosha kuendesha vyombo vingine.

Ili msomaji aelewe kilichopotea, ni lazima kwanza aijue kazi. Santuri hukatwa kwa kufuata kanuni ambayo viwanda vya Marekani viliikubali mwaka 1954, ambapo sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa wakati wa kurekodi, kila upande kwa karibu desibeli 20 mwishoni mwa masafa, ili mifereji isiwe mipana mno na mchakaricho wa sindano ufunikwe. Kikuza sauti cha santuri hulazimika kuyapindua hayo yote kwa usahihi, huku kikiyakuza mawimbi mara elfu moja au zaidi, kwa kuwa sindano bora zenye koili inayotikisika, yaani waya mwembamba uliosokotwa, hutoa umeme usiofika hata sehemu moja ya elfu ya volti. Katika hali hiyo kelele yoyote ya transista, yaani kipuri kidogo kinachoyakuza mawimbi ya umeme, hata ile ambayo katika redio ya kawaida isingemsumbua mtu, husikika chumbani kama mvua ya mbali.

Mwanzilishi wetu, ambaye mimi nilizoea kumwita Mzee naye akazoea kuitika, alikuwa amejenga sifa yake yote juu ya ukimya wa chombo hicho. Siri yake haikuwa siri kwa fundi yeyote anayejua mambo haya. Toshiba ya Japani ilikuwa ikitengeneza transista mbili zilizopendwa sana na wabunifu wa vyombo vya sauti, 2SK170 na mwenzake 2SJ74, na zilipoacha kutengenezwa kampuni nyingi ndogo zilibaki zikihangaika kutafuta mbadala. Mzee alikuwa ameweka akiba mapema. Hata hivyo, akiba pekee haikutosha, kwa sababu transista hizi hazitoki kiwandani zikiwa sawa: mkondo unaopita wakati lango, yaani mguu wa transista unaoongoza mkondo huo, halina volti hutofautiana kiasi kwamba Toshiba yenyewe ilizigawa katika madaraja, GR ikiwa miliampea 2.6 hadi 6.5, BL ikiwa 6 hadi 12, na V ikiwa 10 hadi 20. Sisi tulitumia daraja la BL, na ndani ya daraja hilo tulizipanga upya kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya miliampea, kwa kuwa kila chaneli, ya kushoto na ya kulia, ilihitaji transista nne zinazofanya kazi sambamba. Nne zikilingana, kelele inashuka hadi nusu ya ile ya transista moja. Zisipolingana, moja hubeba mzigo wa wenzake na faida yote hupungua.

Kazi ya kuzipanga niliifanya kwa mikono yangu. Unaichukua transista kwa kibanio, si kwa vidole, kwa sababu joto la vidole hubadilisha kipimo. Unaichomeka kwenye soketi, unasubiri namba zitulie kwenye mita, unazisoma, kisha unaidondosha katika droo yake. Kabati lilikuwa la chuma, lenye droo nyingi ndogo za plastiki, na kila droo ilibandikwa kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Mzee: 7.8, 7.9, 8.0, 8.1, na kuendelea. Mgeni aliyepita pale aliona kabati la vipuri tu. Sisi tuliona kazi ya miaka, kwa kuwa transista ambayo haijapimwa ilikuwa na bei ya vitu vidogo, ilhali nne zilizolinganishwa zilikuwa moyo wa chombo ambacho mteja alikilipia maelfu ya dola.

Baada ya vipimo lilifuata jambo gumu zaidi, nalo ni masikio. Mzee hakutoa chombo kipya sokoni kabla ya kukisikiliza kwa wiki kadhaa, akibadilisha kapasita moja hapa na rezista moja pale, vipuri vidogo vya kuhifadhi na kuzuia umeme, na mara nyingi alirudi asubuhi na sakiti iliyoandikwa kwa penseli thamani mpya, yaani kipimo kipya cha kipuri, ambayo haikuwa kwenye mchoro. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba kazi ya masikio ni ushirikina. Niliona jinsi alivyofanya: alianza na kipimo, akakiheshimu, kisha akatumia sauti ya piano na ya mwanamke anayeimba karibu na maikrofoni kuamua kati ya sakiti mbili ambazo kwenye chati zilikuwa sawa kabisa. Nilipomuuliza alikuwa anasikiliza nini, alinijibu, “Fuata mkono wa kushoto wa mpiga piano. Ukiupoteza, sakiti hiyo ina kasoro.” Nilijifunza mengi kwa sentensi ile, na hadi leo ndivyo ninavyofanya. Lakini mafunzo ya namna hiyo yalikuja kwa bahati, mtu akiwa amesimama karibu naye wakati yuko tayari kusema, na hayakuwahi kuwa sehemu ya kazi yenye muda wake.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Katika biashara hii muuzaji wa rejareja kwa kawaida hubaki na karibu asilimia 40 ya bei, naye anastahili, kwa sababu ndiye mwenye chumba cha kusikilizia na ndiye anayekaa na mteja mchana kutwa. Kinachobaki kinapaswa kulipia vipuri, makasha ya alumini, mishahara, pango, vyombo vya kuazimisha wachambuzi, na safari za maonyesho ambako mtengenezaji anakodi chumba cha hoteli kwa gharama kubwa ili watu wapite dakika tano tano. Kampuni yenye watu kumi inaweza kuishi hivyo kwa miaka, mradi kila mwaka mmoja au miwili kuna chombo kipya cha kuwarudisha wauzaji na wateja. Chombo kipya kisipotoka, mauzo hushuka polepole kwa namna ambayo kila mwezi ukiutazama peke yake unaonekana wa kawaida.

Hilo ndilo lililotufikia Mzee alipougua. Uzalishaji haukusimama, kwa kuwa mafundi tulijua kuunda kila chombo kilichokuwa kwenye orodha. Kilichosimama ni uamuzi. Kiwanda fulani cha transfoma kilibadilisha aina ya chuma kilichokuwa kikitumia, transfoma mpya zikaja, vipimo vikawa ndani ya mipaka, na hakuna mtu kati yetu aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba sauti imebaki ileile au haijabaki. Tulimpelekea chombo hospitalini kwa picha na chati. Alizitazama kwa heshima, akasema hawezi kuamua jambo lile kwa karatasi. Shehena ikakaa stoo, wauzaji wakasubiri, na wengine wakaacha kupiga simu.

Wakati ule wenzangu walizungumza sana kuhusu Thiel Audio, kampuni ya spika ya hapa Lexington, Kentucky, ambako ninaishi sasa na ambako Kiswahili husikika madukani na makanisani kwa sababu ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Kongo. Thiel ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 na Jim Thiel, ndugu yake Tom aliyekuwa na mkono wa ufundi wa mbao, na Kathy Gornik aliyekuja kuwa sura na sauti ya biashara yao. Jim alikuwa na wazo moja ambalo hakuliacha maisha yake yote: spika inapaswa kuhifadhi wakati na awamu ya mawimbi, ili mlio wa ngoma ufike sikioni ukiwa na umbo lilelile uliokuwa nalo kwenye rekodi. Kwa ajili hiyo aliinamisha ubao wa mbele wa spika nyuma kidogo ili sauti za juu, za kati na za chini zifike pamoja, na alitumia vichujio vya daraja la kwanza, yaani sakiti za kugawa sauti kati ya vipaza, vinavyopunguza sauti kwa desibeli 6 tu kwa kila oktavu. Kichujio cha namna hiyo kinaonekana rahisi kwenye kitabu, lakini ndani ya spika ni kazi ngumu, kwa sababu kila kipaza, yaani tuita ya sauti za juu, kipaza cha kati na wufa ya sauti za chini, kinalazimika kufanya kazi vizuri mbali nje ya eneo lake, na kila tabia mbaya ya koni inapaswa kusahihishwa kwa koili na kapasita za ziada. Ndiyo maana Thiel iliishia kubuni na kuunda vipaza vyake yenyewe.

Jim Thiel alifariki Septemba 2009 kwa saratani. Kampuni iliendelea, na mwaka 2012 ilitoa CS2.7, spika iliyomaliziwa na wengine kwa kutumia kazi aliyoiacha. Mwishoni mwa mwaka huohuo iliuzwa kwa wawekezaji. Wakuu wakabadilika, makao yakahamia Nashville, na spika mpya zilizotolewa ziliacha vichujio vya daraja la kwanza, yaani ziliacha jambo ambalo kwalo watu walikuwa wakinunua Thiel badala ya spika nyingine nzuri. Mwaka 2018 ikafungwa. Sisemi kwamba spika zile mpya zilikuwa mbaya, wala kwamba wawekezaji walikuwa na nia mbaya. Kuna wabunifu wa heshima wanaopinga daraja la kwanza kwa sababu nzuri za kifundi. Ninachosema ni kwamba wanunuzi walilipia jina, jengo, michoro na mashine, ilhali wateja walikuwa wakilipia msimamo wa mtu mmoja, na msimamo ule haukuwa katika orodha ya mali iliyouzwa.

Tuliyazungumza hayo wakati wa chakula cha mchana tukiwa tunajua kwamba tunajizungumzia wenyewe.

Hata hivyo sikubali kwamba kila kampuni ya mtu mmoja haina budi kuzikwa naye, kwa kuwa mifano ya kinyume ipo. Spencer Hughes alikuwa mhandisi katika idara ya utafiti ya BBC kabla ya kuanzisha kampuni ya spika ya Spendor pamoja na mkewe Dorothy mwishoni mwa miaka ya 1960. Alipofariki mwaka 1983, mkewe aliendelea kuiongoza kampuni, na mwana wao Derek, aliyekuwa amekulia katika kazi ileile, alibuni spika baada ya baba yake, kisha baadaye akazibuni kwa kampuni nyingine za Uingereza. Masikio ya baba yalikuwa yamepata muda wa kumfundisha mwana. Mfano mwingine, ambao kwangu una uzito zaidi, ni spika ndogo ya LS3/5A ambayo BBC yenyewe iliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yake ya kurushia matangazo. BBC iliandika kila kitu: vipimo, vipuri, mipaka inayoruhusiwa na namna ya kulinganisha jozi. Kisha ikatoa leseni, na kwa sababu hiyo kampuni za Rogers, Chartwell, Spendor, Harbeth na KEF ziliweza kuunda spika ileile kwa nyakati mbalimbali. Baadhi ya kampuni hizo zilianguka na spika ikaendelea. Ilipopata tatizo kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, tatizo halikuwa elimu bali vipuri, kwa kuwa KEF iliacha kuunda vipaza vya B110 na T27 vilivyokuwa msingi wake. Na hata hapo, kwa kuwa maelezo yalikuwepo, wengine waliweza kuunda vipaza mbadala na kuirudisha sokoni.

Nilipoutafakari mfano wa LS3/5A ndipo nilipoona wazi upungufu wa kwetu. Michoro tulikuwa nayo, lakini haikulingana na vyombo. Thamani zilizoandikwa kwa penseli kwenye sakiti hazikuwa zimerudishwa kwenye mchoro. Mabadiliko ya mwaka mmoja yalikuwa kwenye daftari, ya mwaka mwingine kwenye bahasha, na mengine yalikuwa kichwani mwa mama mmoja aliyekuwa akilehemu kwa miaka mingi na ambaye mkono wake ulijua kwamba rezista ya kumi na saba kwa chaneli ya kulia huwekwa kwa kuinuliwa kidogo juu ya ubao ili ipate hewa.

Binti yake Mzee ndiye aliyebeba mzigo wa kufunga. Walikuja watu wa kutazama kampuni kwa nia ya kuinunua, na maswali yao yalikuwa juu ya jina, orodha ya wauzaji na haki ya kutumia nembo. Hakuna aliyeuliza kuhusu kabati la droo. Mazungumzo yakavunjika, na ninadhani ni heri yalivunjika, kwa sababu nilishaona jina linavyoweza kubandikwa kwenye kasha ambalo ndani yake hakuna kitu cha yule aliyelifanya jina hilo liheshimiwe. Binti aliamua kwamba kila mteja aliyekuwa ametoa malipo ya awali angepata chombo chake kabla ya taa kuzimwa, hata kama kingeuzwa kwa hasara. Uamuzi ule ulituweka kazini miezi kadhaa ya mwisho, na ninauheshimu hadi leo kuliko jambo lolote jingine lililofanyika katika kampuni ile. Kuna wauzaji waliotulipa madeni yao yote waliposikia habari, na kuna waliositisha malipo siku ileile uvumi ulipowafikia, wakijua kwamba kampuni inayofungwa haina nguvu ya kuwashtaki. Nawakumbuka wa makundi yote mawili kwa majina, ingawa hayatakuwa hapa.

Katika miezi ile nilimwomba binti ruhusa ya kufanya jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba wangu. Kila chombo kilichopita mezani kwa mara ya mwisho nilikifungua, nikapiga picha za pande zote mbili za ubao, nikapima volti katika sehemu zote muhimu kikiwa kimepata joto, nikaandika thamani halisi ya kila kipuri badala ya ile ya kwenye mchoro. Yule mama wa kulehemu alikaa nami jioni akanieleza sababu ya kila kitu alichokuwa akikifanya kwa mazoea. Kijana mmoja kutoka Uvira, Kongo, ambaye alikuwa amejiunga nasi mwaka wa mwisho, aliandika huku sisi tukisema. “Mwalimu,” aliniambia usiku mmoja, “mbona haya yote hayakuandikwa wakati mzee ni mzima?” Nilimjibu ukweli: kampuni ikiwa na kazi nyingi, kuandika huonekana kupoteza muda, na ikikosa kazi, hakuna fedha ya kumlipa mwandishi.

Kisha ukaja mnada. Kampuni ya mnada iliyoletwa ilikuwa na ujuzi wa mashine za karakana, meza na magari ya kubebea mizigo, na kwa vitu hivyo ilipata bei nzuri. Kabati la chuma pia lilikuwa na bei, kwa kuwa lilikuwa kabati zuri. Ili liuzwe tupu, mfanyakazi wa mnada alizitoa droo moja baada ya nyingine na kuzimimina zote katika mfuko mmoja wa plastiki, ule mfuko ukapewa namba na kuuzwa kama vipuri vya elektroniki kwa uzito. Nilifika wakati karatasi za 8.0 na 8.1 ziko sakafuni. Transista zote zilikuwa salama. Hakuna hata moja iliyoharibika. Kilichoharibiwa ni mpangilio, na mpangilio ndio uliokuwa na thamani, kwa kuwa yeyote aliyenunua mfuko ule alipaswa kuanza kupima upya moja baada ya moja, kama angejua kwamba kuna la kupima. Yule mfanyakazi simlaumu kwa ukali, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Lakini tangu siku ile ninashikilia kwamba mtu anayejua thamani ya kitu anapaswa kuwa na karatasi yenye saini inayosema kitu hicho kisiguswe hadi yeye awepo, na kwamba karatasi hiyo iandikwe mwenye kampuni akiwa na afya.

Baada ya hapo nilihamia Lexington, ambako ninatengeneza vyombo vya sauti katika karakana ndogo, nikisaidiwa na kijana yuleyule wa Uvira. Wateja wa kampuni yetu ya zamani bado wananipigia, kwa kuwa vyombo vile vimejengwa kudumu na wamiliki wake hawana nia ya kuviacha. Kwa kutumia yale maelezo tuliyoyaandika jioni zile, naweza kukirudisha karibu kila kimoja katika hali yake. Spika za Thiel nazo huja, kama inavyotarajiwa katika mji huu, na hapo ndipo ninapokutana na upande mwingine wa jambo hili.

Mteja mmoja mwenye umri mkubwa alileta jozi ya spika za CS2.4. Upande mmoja ulikuwa umepoteza sauti za juu na za kati kwa pamoja. Katika spika hiyo tuita na kipaza cha kati vimewekwa katikati ya mhimili mmoja, na vyote viwili vinasukumwa na koili moja tu: kuba ya tuita imeunganishwa na koili moja kwa moja, na koni ya kati imeunganishwa kwa kiungo laini ambacho masafa yakipanda huacha kuisukuma koni, kikafanya kazi ya kichujio bila kutumia kapasita wala koili nyingine. Ni ubunifu wa kustaajabisha. Lakini koili ile ikiungua, kwa mfano kwa sababu mtu alitumia kikuza sauti dhaifu na kukilazimisha kwenye mzigo wa omu 4 (kipimo cha ukinzani) unaoshuka hadi karibu 3, hakuna kipaza kingine sokoni unachoweza kukifunga mahali pake, wala hakuna tuita ya kununua peke yake. Niliweka mita kwenye vituo vyake, ikaonyesha waya umekatika. Nilimweleza mteja wazi kwamba mimi sina uwezo wa kuiunda sehemu ile, lakini yuko mtu hapahapa Kentucky, mfanyakazi wa zamani wa kampuni, aliyechukua sehemu ya vipuri na vifaa vya matengenezo Thiel ilipofungwa, na kwamba kwa sababu ya uamuzi wa mtu huyo spika kama zake bado zina tumaini. Alishukuru sana. Nikafunga boksi, nikampa anwani.

Kwa maoni yangu, aliyefanya kazi kubwa zaidi kwa heshima ya Jim Thiel baada ya 2012 ni yule aliyejali vipaza vya zamani, si yeyote aliyeshika nembo. Kampuni ya vyombo vya sauti ya Quad ya Uingereza, iliyoanzishwa na Peter Walker mwaka 1936 na kuuzwa katika miaka ya 1990, ilipita mikononi mwa wamiliki wapya na uzalishaji ukahamia mbali, lakini idara yake ya matengenezo huko Huntingdon iliendelea kupokea vikuza sauti na spika zilizoundwa miongo mingi nyuma. Watu wengi waliendelea kuiamini Quad kwa sababu hiyo, na nadhani walikuwa na haki.

Siku hizi watengenezaji wadogo huniletea vyombo vyao niwapimie, na kabla sijawasha chochote huwauliza mambo machache kwa upole. Mchoro ulio kwenye faili unalingana na ubao huu ulio mbele yangu? Ni kipuri gani kati ya hivi kinatengenezwa na kiwanda kimoja tu duniani, na akiba yake iko kwa nani? Ukikosekana mwezi mzima, nani ana haki ya kukubali au kukataa shehena mpya ya transfoma, na amekaa nawe mara ngapi mkisikiliza pamoja? Wengine hukasirika kidogo. Mmoja alirudi baada ya muda akiwa na fundi wake kijana, akaniomba niwaruhusu wakae wawili mbele ya spika zangu, yeye akibadilisha kapasita na kijana akisema anachosikia kabla ya kuambiwa jibu.

Kwa msomaji anayetaka kununua chombo cha mitumba cha kampuni iliyofungwa, ushauri wangu ni huu. Kwanza tafuta nani anakitengeneza leo, kabla ya kupatana bei. Kisha omba muuzaji apime ukinzani wa kila kipaza cha spika kwa mita ya kawaida, kushoto na kulia, na akutumie picha ya namba. Tofauti kubwa kati ya pande mbili ni onyo. Kwa kikuza sauti, uliza kama kapasita kubwa za umeme zimewahi kubadilishwa, kwa kuwa hizo huzeeka hata chombo kikikaa bila kutumika, na zinapatikana kwa urahisi. Lakini transista iliyoacha kutengenezwa au kipaza kilichobuniwa na kampuni yenyewe mara nyingi hakipatikani, na kikiwa kimekufa punguza bei kana kwamba chombo ni kasha tu. Ukipata mwenye chombo aliyehifadhi kijitabu, risiti na barua za mwanzilishi, nunua kwake hata akiongeza bei kidogo, na vyombo vikifika kwa fundi mpe nakala za karatasi hizo azihifadhi pamoja na za kwake.